Buluu Hufa Kwanza

Mgeni akiuliza kwa nini soko la nguo la Garissa linaitwa Soko Mugdi, wenyeji humwambia aingie ndani ajionee. Mugdi ni giza kwa Kisomali. Vibanda vimesongamana hadi paa la huyu limelalia paa la yule, na palipobaki mwanya mtu ametandaza turubai. Nje jua laweza kuwa linayeyusha lami, lakini ndani humo muuzaji huwasha tochi ya simu ili mteja ajue kama shela aliyoishika ni nyeusi au ni zambarau iliyokolea.

Istahil aliuza madera na shela humo, karibu na mwisho wa soko, pale giza lilipokuwa zito zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni, na tangu mdogo wake Ikran afariki Ujerumani, hata hayo machache yalipungua. Wateja waliomzoea walichagua nguo wenyewe, wakataja bei wenyewe, naye akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo Abdisalam alipomkuta. Alikuwa kijana wa Garissa aliyesomea uhandisi katika mji uleule wa Ujerumani alikokuwa Ikran, na alikuwa miongoni mwa waliomswalia. Alivaa begi la mgongoni ambalo hakutaka kulitua chini hata alipokaribishwa kiti.

"Abaayo Istahil," alisema, akimwita dada kwa heshima ya nyumbani, "nimekuletea kitu cha Ikran. Nimekishika mkononi safari nzima. Niliogopa kukiweka na mizigo mingine ya ndege."

"Kitu gani?"

"Kuna mahali pa giza hapa?"

Istahil akamtazama. "Uko Soko Mugdi, Abdisalam. Ulaya imekusahaulisha hata kwenu?"

Kijana akacheka, kisha akanyamaza kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko matangani. Akatoa mfuko mweusi, na ndani yake kipande cha kioo kisichozidi kiganja cha mtoto, kimepachikwa juu ya kijisanduku cha plastiki chenye betri na kitufe. Istahil akazima tochi yake. Abdisalam akabonyeza.

Kioo kikawaka buluu. Haikuwa buluu ya turubai wala ya sare za shule. Ilifanana na ile rangi iliyo chini kabisa ya mwali wa jiko la gesi, pale unapodhani hakuna moto mpaka ukaribie. Wala haikuwa na kitovu kama balbu. Kioo chote kiliwaka sawasawa, kimya, kama maji yaliyotulia yakaamua kutoa nuru. Madera yaliyoning'inia yakabadilika rangi yote. Mwanamke wa kibanda cha pili akauliza, "Nini hicho?"

Abdisalam akazima.

"Hiyo ni yake," alisema. "Aliibuni yeye, akaipika yeye, kwenye maabara wakaipaka juu ya kioo. Ndiyo ya mwisho aliyoifanya kabla hajalazwa."

"Aliipika," Istahil alirudia. "Ikran hakuwahi kupika anjera isiyoungua."

"Hata kule alikuwa hivyo. Wali wake tuliula kwa kumwogopa tu."

Wakacheka kidogo wote wawili. Kisha Abdisalam akaeleza masharti, taratibu, kama mtu anayekabidhi amana. Joto huidhuru. Jua huidhuru zaidi. Hewa ikiingia ndani ya kioo, madoa meusi yataanza kutokea. "Na hata ukiitunza vizuri, abaayo, kila unapoiwasha unaipunguza. Wenzake walisema molekuli hii haikuwa imekamilika. Inang'aa vizuri kuliko zote alizofanya, lakini haidumu. Betri unaweza kubadilisha. Yenyewe ikiisha, imeisha."

"Nani mwingine anajua kuitengeneza?"

"Watajaribu. Lakini kipande hiki ni hicho kimoja."

Istahil akakipokea kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya shela nyeusi.

Jambo la kufa kwa buluu hakulisikia leo kwa mara ya kwanza. Wakati Ikran alipokuwa hai, walizoea kuzungumza kwa video, na siku moja Istahil alilalamika kwamba simu yake imegeuka njano, watu wote wanaonekana kama wana homa ya ini.

"Skrini imechoka," Ikran alimwambia. "Ina rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Buluu ndiyo hufa kwanza. Ikishakufa, inabaki hiyo njano yako."

"Kwa nini ife yenyewe?"

"Kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Molekuli ikipitishiwa umeme inabeba nguvu, halafu inaitua kama mwanga. Nyekundu inabeba kidogo, inatua, inaendelea na maisha. Buluu inabeba nyingi mno. Mara nyingine kabla haijautua mzigo, mzigo unaivunja. Basi hiyo ndiyo kazi niliyokuja kufanya huku, dada. Kutafuta buluu isiyojivunja."

Istahil aliishia kidato cha nne, na kemia aliyoikumbuka ilikuwa ya kugeuza karatasi nyekundu kuwa ya buluu. Lakini Ikran alikuwa na namna yake ya kusema. Alisema kubuni molekuli ni kama kumfunga ngamia. Ukimpa kamba ndefu, anatembea taratibu, mwanga unakuwa mwekundu. Ukiifupisha kamba, anarukaruka, mwanga unapanda hadi buluu. Kisha lazima umjengee boma. Unaweka matawi manene pande zote za kiini, ili molekuli ya jirani isimkaribie, maana zikisongamana huku zimebeba nguvu zinavunjana. Kila siku alikuwa akijaribu tawi jingine, mahali pengine.

Wakati huo mama yao Rukiyo alikuwa amekuja Garissa kutibiwa macho, na Istahil alimtafsiria yote kwa Kisomali. Mama alisikiliza hadi mwisho, halafu akainamia simu akapaza sauti kana kwamba Ujerumani iko ng'ambo ya bonde.

"Ikran! Nimekusomesha miaka yote hii, ukaenda kote huko, ili ujenge boma?"

Ikran alicheka hadi akatoka kwenye picha.

Hicho ndicho kicheko Istahil alichokuwa akikitafuta kila alipofumba macho, na kila mara kilimjia kikiwa na rangi ya njano.

Sasa mama alikuwa Hadado, upande wa Wajir, kwenye boma la familia nje kidogo ya kituo cha biashara, na habari zake hazikuwa njema. Ikran alikufa kwa saratani ya damu iliyomchukua haraka, akazikwa hukohuko, kwenye kona ya Waislamu ya makaburi ya mji, chini ya miti isiyo na miiba. Mama alipopewa habari alisema maneno ya subira ambayo kila Mwislamu huyasema, akakaa. Hakulia. Hakulitaja tena jina la mwanawe. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo abti Hanad, kaka yake mama, alilisema kwenye simu kwa sauti ya hasira iliyojaa woga.

"Dada yangu ameharibika, Istahil. Yule ngamia jike mweupe amefiwa na ndama. Nimeshona ngozi vizuri, ina harufu yake. Mama yako hataki kuishika."

Istahil alielewa uzito wa maneno hayo. Ngamia jike akifiwa na ndama huyazuia maziwa. Yamemjaa, lakini hayatoki kwa mtu. Wafugaji humchuna ndama aliyekufa, wakaitengeneza ngozi, wakamletea mama wakati wa kukama. Huinusa, huilamba, na maziwa yakashuka. Ngozi hiyo huitwa maqaarsaar. Hanad ndiye aliyekama, na miaka yote Rukiyo ndiye aliyeishika ngozi mbele ya pua ya ngamia, kwa kuwa ngamia walimwamini. Sasa alikuwa amekataa.

"Anasemaje?" Istahil aliuliza.

"Anasema hatamdanganya mzazi aliyefiwa. Basi. Ngamia anakauka, na yeye anakauka, na mimi nimesimama katikati na kibuyu kitupu."

Kwa hiyo Istahil alifunga kibanda, akapanda basi la Wajir na kioo kifuani. Alikuwa na wazo moja tu, na hakumwambia mtu: mama akiuona mwanga wa Ikran kabla haujafa, atalia. Akilia, atarudi.

Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani abiria wote waliteremshwa, kama kawaida, na vitambulisho mikononi. Askari aliyekagua mizigo akaipapasa shela, akahisi kitu kigumu, akakifungua. Akakiona kitufe. Akaziona nyaya.

"Hii ni nini?"

"Ni taa, afande."

"Taa." Akarudi nyuma hatua. "Ina betri, ina waya, ina kitufe, haina balbu. Halafu unaniambia taa. Iweke chini! Nyinyi wengine, rudini nyuma!"

Abiria wakatawanyika. Mzee mmoja akanong'ona kwa Kisomali kwamba kama leo ni siku yake, basi angalau kondakta amrudishie chenji afe akiwa nayo.

"Iwashe wewe mwenyewe," askari akaamuru.

"Hapa kwenye jua haitaonekana."

Wakaenda hadi kwenye kibanda chao cha magunia ya mchanga, ambacho ndani yake kulikuwa na kiza cha kutosha. Istahil akachutama, akasema bismillahi, akabonyeza. Askari, aliyekuwa amesimama mlangoni nusu ndani nusu nje, akaingia mwili mzima.

"Haki ya Mungu," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Njooni muone kitu hapa!"

Wakaja wenzake, mmoja baada ya mwingine, bunduki begani, wakainama. Mmoja aliuliza kama inauzwa. Mwingine akaipiga picha, haikutoka vizuri, akapiga nyingine. Istahil alitazama kioo na kuhesabu moyoni vitu visivyohesabika: jioni ambazo Ikran alikaa maabara, sikukuu ambazo hakurudi. Yote yakiwaka mbele ya watu wasiomjua.

"Afande, tafadhali, izime sasa."

"Kwani inakula stima ya nani?"

"Inajila yenyewe." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Aliitengeneza mdogo wangu. Amefariki. Kila ikiwaka inapungua, na mama yangu bado hajaiona."

Askari akabonyeza kitufe haraka mno, kama aliyeungua. Akaifunga shela mwenyewe, vibaya, akairudisha kwa mikono miwili.

"Pole, dada. Pole sana. Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ungeniamini?"

Askari akamsindikiza hadi kwenye basi, akamwambia kondakta ampe huyu mama kiti cha upande usio na jua.

Hadado ilikuwa na joto la kuinamisha vichwa. Mama alimpokea Istahil kwa salamu zote, akauliza habari za soko, za watu wa Garissa, za barabara, na kila jibu alilipokea kwa "alhamdulillahi" iliyokuwa kavu kama jani. Alikuwa amekonda. Jioni ile Istahil aliona kwa macho yake. Hanad alimleta jike mweupe, na jirani yao Saynab akaishika ngozi. Ngamia aliinusa, akainua kichwa, akatazama huku na huku juu ya bega la Saynab, akimtafuta aliyemzoea. Kibuyu kilipata matone machache. Mama alikuwa ndani, na mgongo wake umeuelekea mlango.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, Istahil aliziba upenyo wote wa nyumba ya mikeka kwa mablanketi. Mama alimtazama bila kuuliza. Walipobaki ndani ya giza la moto, wakitokwa jasho, Istahil akasema, "Hooyo, nimekuletea kazi ya Ikran."

Akabonyeza.

Mama hakushtuka. Alikinyanyua kioo taratibu akakiweka juu ya mapaja yake, akakifunika kwa kiganja, akakifunua. Mikunjo ya uso wake ikawa ya buluu, na macho yake yaliyotibiwa yalikuwa na vioo viwili vidogo ndani yake. Istahil akangoja. Alingoja kilio kama wanavyongoja mvua watu wa pale, bila kuthubutu kusema kwamba inakuja.

"Haina moto," mama alisema mwishowe.

"Haina, hooyo."

"Na hili ndilo boma alilokuwa akijenga?"

"Ndilo. Maboma mengi sana, madogo kuliko macho, yote humo ndani."

Mama akakaa nalo. Kisha akamrudishia. "Izime. Nimeona."

Hakulia. Lakini kesho yake, baada ya swala, aliyachukua mablanketi mwenyewe akaziba upenyo. Na siku iliyofuata. Hakusema lolote humo gizani. Aliangalia tu, na mara moja Istahil alimsikia akitamka kitu kwa pumzi, kama mtu anayejaribu herufi ya kwanza ya jina. Istahil hakuwa na roho ya kumnyima. Alikiona kioo kikififia, akaona doa jeusi limejitokeza kwenye pembe, kisha jingine, na kila siku alijiambia: labda leo. Akishakizima alikitia ndani ya chombo cha maziwa chenye kifuniko, mahali penye ubaridi kidogo, akamwambia mama, "Kifichwe humu, hooyo," na mama akasema sawa. Istahil alimaanisha kifichwe jua na joto. Mama alidhani ni kukificha mikono ya watoto wa Saynab.

Siku moja Istahil alikwenda kituoni kununua sukari na majani ya chai. Aliporudi, kabla hajafika kwenye lango la miiba, aliona kitu kinamemeteka juu ya pipa la maji. Hapo juu ya pipa ndipo taa ya sola ya nyumbani ilipowekwa kila asubuhi ili ishibe jua, kama taa za kila nyumba ya Hadado. Leo kando ya taa hiyo kulikuwa na kioo cha Ikran. Kilikuwa kimelazwa juu ya kanga iliyokunjwa vizuri, kisikwaruzwe, na kimeinuliwa upande mmoja kwa kijiwe ili kikabiliane na jua barabara.

Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mkeka, akikilinda. Jua liliposogea, aliinuka, akakigeuza kidogo kulifuata, akarudi kukaa.

"Hooyo," Istahil aliita.

"Ilikuwa imechoka," mama alisema. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho Istahil hakukiona tangu msiba, kitu kinachokaribia furaha. "Uliiona jana ilivyokuwa hafifu. Hamkuilisha, wewe na yule kijana. Nimeipeleka malishoni tangu asubuhi."

Istahil akakinyanyua kioo. Kilimwunguza vidole. Gundi iliyoziba kingo ilikuwa imelainika na kuvimba, na chini ya kioo, pale palipokuwa na utando laini, kulikuwa na ukungu wa hudhurungi. Angeweza kusema hapohapo. Mama alikuwa amekwisha kuingia ndani na anakusanya mablanketi.

Wakaziba upenyo. Mama akakaa, akanyoosha miguu yake kama siku zote, akapokea kioo, na safari hii akabonyeza kitufe yeye mwenyewe.

Kwenye pembe moja kukatokea kipande cha mwanga chembamba kama ukucha. Haikuwa buluu tena. Ilikuwa kijivu inayoelekea kijani. Ikatetemeka, ikajikunja, ikazimika. Mama akabonyeza tena. Akasubiri. Akabonyeza tena, kwa upole, kama anayemwamsha mtoto.

"Haijashiba?" aliuliza.

Nje mbuzi alilia. Istahil alishukuru kwamba giza lilikuwa kamili.

"Ilikuwa imeisha, hooyo. Tangu jana ilikuwa imeisha. Abdisalam alisema itaisha siku hizihizi. Si jua."

"Sikukuuliza habari ya jua."

Istahil akajifuta jasho usoni.

"Sikukuuliza habari ya jua, Istahil," mama alirudia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Basi ni jua."

Jasho liliwatiririka, na hakuna aliyeinuka kufungua blanketi. Istahil alitafuta mkono wa mama, akaupata, umeshika kioo kilichokuwa bado na joto.

"Unajua kwa nini nilikataa kuishika ile ngozi?" mama alisema. "Nilikuwa nikidhani tunamdanganya. Miaka yote hiyo nilimdanganya ngamia na nikaenda kulala, sikujali. Halafu mimi nikaletewa habari. Nikamtazama yule jike akinusa ngozi ya mwanawe iliyojazwa majani, nikasema, mimi siwezi tena." Akavuta pumzi. "Kisha wewe ukaniletea kioo. Kila siku nilikaa hapa nikakiangalia. Nilijua si yeye. Mimi si mwehu, nilijua. Na bado nilitaka kesho ifike nikione tena."

"Hooyo."

"Ngamia anajua, Istahil. Ana pua kutushinda sisi sote. Hawezi kukosa kujua kwamba hicho ni kitu kisichopumua. Anajua ni ngozi. Anatoa maziwa kwa sababu yamemjaa, na anataka mahali pa kuyatolea." Akakishika kioo kifuani. "Na mimi nimekiunguza. Nimekianika juani kwa mkono wangu. Ikran. Ikran wangu. Ikran, nisamehe mama yako."

Hapo ndipo kilipokuja. Hakikuja kama kilio cha matanga, chenye maneno na sifa. Kilitoka chini kabisa, bila umbo, na Istahil, aliyekingoja tangu Garissa, hakujua la kufanya nacho ila kumshika mabega na kulia pamoja naye ndani ya giza la mablanketi. Mbele ya nyumba Saynab alisimama, akasikia, akawaita watoto wake wakaondoka.

Walipofungua mlango jua lilikuwa limelegea. Mama alinawa uso, akaketi nje kwenye mchanga, macho yamevimba.

"Lile boma lake," alisema. "Nionyeshe lilivyokuwa."

Istahil aliokota kijiti. Alikumbuka alichowahi kuonyeshwa kwenye simu, akachora mchangani umbo la pembe sita, na jingine limeungana nalo, na katikati mahali pa kiini. "Hapa ndipo mwanga unapotoka. Na huku ndiko alikokuwa anaweka matawi. Huku aliweka. Huku sijui. Huku alisema bado panavuja."

Mama aliinama akatazama kwa makini ya mtu aliyejenga maboma maisha yake yote. Akaunyoosha mkono kwenye ua nyuma yake, akavunja vijiti vya miiba, akaanza kuvipanga kuzunguka mchoro, akisogeza kimoja, akikaza kingine. Upande ule unaovuja aliweka viwili.

"Hapa alihitaji mti mkavu," alisema. "Mbichi hujikunja."

Hanad alikuwa anakuja na jike mweupe, kibuyu begani, na Saynab nyuma yake ameibeba ngozi. Rukiyo aliinuka, akajikung'uta mchanga. Kioo alikitia ndani ya chombo cha maziwa, akakifunika. Kisha akamwendea Saynab, akanyoosha mikono yote miwili, na Saynab akampa ile ngozi.

Ngamia alimwona, akateremsha shingo.

"Haya," Hanad alisema, akisimama kwa mguu mmoja na kibuyu juu ya goti, akijifanya kana kwamba jana na juzi hazikuwapo. "Mkaribishe. Leo usinicheleweshe."

Rukiyo akaisogeza ngozi karibu na pua ya ngamia, akaishika hapo. Machozi yalikuwa bado yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Jike mweupe alinusa kwa muda mrefu. Alilamba mara moja, upande wa shingo, akafumba macho. Istahil, akiwa bado amechutama kando ya boma dogo la miiba mchangani, alisikia maziwa yakianza kupiga ndani ya kibuyu.